Jeneza Lililopita Takaungu

Nakutegea kitendawili wewe unayesoma, si mwenzako. Nina shamba. Mwanzo wake watoto huuchezea mpira. Katikati yake watu huelea juu kwa juu. Mwisho wake hakuna binadamu aliyewahi kuukanyaga, na hati yake haijatoka. Shamba gani hilo?

Umeshindwa? Nipe mji basi.

Umenipa Malindi. Ahsante. Nimekwenda Malindi, nimekula changu wa kupaka, nimekaa barazani kwa watu, nimetembelea mpaka kule mto Sabaki unapomwaga tope lake jekundu baharini, na sasa nimerudi. Jibu lako ni hili: ni nchi yenyewe. Nchi haiishii ufukweni, mjukuu wangu. Inaingia majini na kuendelea kushuka polepole, mbali sana, kama mkeka ulioanguka nusu kitandani nusu sakafuni.

Sasa sikiliza walivyotaka kutuibia ule mwisho wa shamba. Tena mchana, jua likiwaka, watu wakitazama.

*

Nyevu alikanyaga mafuta.

Probox ilivuka daraja la Kilifi ikilia kama mbuzi. Mbele yake, nyuma ya lori la makonge, kulikuwa na Toyota Hiace nyeupe. Vioo vyeusi. Kitambaa cha kijani kimefungwa kwenye kioo cha pembeni, kama gari la msiba.

Sikioni mwake alikuwa na kidude kidogo kuliko punje ya mtama. Kilikwaruza.

"Mnazi kwa Kinu. Jibu."

"Kinu nasikia."

"Unawaona?"

"Nawaona. Wanaelekea Mombasa."

"Agizo ni moja. Tazama tu. Usipige risasi. Usisimamishe gari. Usiite polisi. Mwenzako Joram yuko njiani na pikipiki."

"Yuko wapi?"

"Foleni ya Mtwapa."

Nyevu akauma mdomo. Ukikwama Mtwapa umekwama, uwe jasusi uwe muuza mayai.

"Na wakinipotea, Mnazi?"

"Tazama tu, Nyevu."

Mkuu wake, Mama Jedida, hakuwa mtu wa kutaja jina hewani. Akilitaja, ujue naye hana la kufanya.

Nikueleze kilichokuwa ndani ya ile Hiace, usije ukadhani ni dhahabu.

Ni tope.

Sheria ya bahari ya mataifa inaipa kila nchi ya pwani maili mia mbili za baharini bila maswali. Ukitaka kuzidi hapo, thibitisha. Onyesha kwamba sakafu ya nchi yako inaendelea kushuka chini ya maji bila kukatika. Onyesha mteremko unaishia wapi, na kuanzia hapo, lile tope lililolala juu ya mwamba lina unene gani. Likiwa nene vya kutosha kwa kadiri ya umbali, mpaka wako unasogea. Likiwa jembamba, rudi nyuma. Na hata likiwa nene namna gani, kuna mahali sheria inakwambia basi, inatosha. Wanaokupima ni jopo la wataalamu huko New York, na hawana haraka na mtu.

Meli yetu ilikuwa imekwenda huko mbali. Ilisikiliza mwangwi wa chini, kisha ikashusha bomba refu ikachota tope kama unavyochokoa uboho kwenye mfupa. Likakatwa vipande vya urefu wa mtu, kila kipande kikatiwa katika mrija wa plastiki, kila mrija ukapigwa lakiri. Jopo limeomba kuiona mirija hiyo. Lakiri ikiwa nzima, huo ni ushahidi. Ikivunjika, hilo ni tope tu la mtaroni.

Na Ziro, mdogo wake Nyevu, kitinda mimba kwa mama yao, alikuwa baharia kwenye meli hiyo. Waya uliomshika ulikatika siku ya mwisho. Mrija ulipanda, Ziro akashuka. Hakupatikana.

Kwa hiyo unaona. Kwa Serikali ilikuwa mirija. Kwa Nyevu ilikuwa kitu cha mwisho ambacho mikono ya mdogo wake ilikigusa.

Aliyeiiba anaitwa Krantz. Pasipoti nyingi, uso mmoja. Kampuni yake haina kibao mlangoni. Anachotaka ni gesi iliyo chini ya sakafu ile: nje ya mpaka wa nchi, bahari ni ya wote, na ya wote kwake maana yake ni ya mwenye meli kubwa. Mchana ule, kwenye chumba cha baridi ilikotunzwa pale Kilifi, alikuwa ameacha mirija mingine inayofanana kabisa, imejaa mchanga wa ufukweni. Alitaka tuipeleke hiyo tukaitwe waongo.

Hiace ikawasha taa ya kushoto.

"Mnazi. Wanakata kwenda Takaungu."

"Takaungu kuna nini?"

"Kuna maji," Nyevu akasema. "Nadhani na boti ipo."

*

Ndani ya Takaungu gari halifiki kila mahali. Vichochoro vile vilijengwa kwa ajili ya watu na punda. Hiace ilisimama penye kiwanja, milango ya nyuma ikafunguka.

Nyevu aliegesha nyuma ya ukuta wa duka. Akatupia buibui juu ya suruali yake, akafunga mtandio. Bastola yake ya Glock ikakaa ubavuni, baridi. Akatoa darubini ndogo, ya ukubwa wa kijiti cha rangi ya midomo.

Akatazama.

Wanaume wanne wakashusha kitu kutoka garini. Wamevaa kanzu mpya, bado zina mikunjo ya dukani. Nyuma yao akashuka wa tano, mrefu, kofia imemkaa kichwani kama sahani juu ya mtungi.

Krantz.

"Wamebeba nini?" sauti ya Jedida ikauliza.

Nyevu alizungusha jicho la darubini.

"Jeneza."

"Nani amekufa?"

"Sisi, nadhani."

Lilikuwa jeneza la kuazima la msikitini, la mbao, wazi juu, limefunikwa kitambaa cha kijani. Chini ya kitambaa, sanda nyeupe. Ndani ya sanda, mirija, imelazwa kama mtu. Mpango mzuri. Nani atasimamisha maiti? Askari gani atamfunua? Kutoka kiwanjani hadi ufukoni ni mwendo mfupi wa kichochoro kimoja. Na kule chini, kati ya mawe, Nyevu aliiona boti ya kijivu yenye mashine mbili za Yamaha, nahodha ameshika usukani.

Angeweza kupiga risasi. Risasi moja ingepasua mrija.

Angeweza kupiga kelele. Mji mzima ungekuja, sanda ingefunuliwa, lakiri zingevunjwa na vidole vya watu, na kabla ya magharibi picha zingekuwa kwenye kila simu kuanzia hapo hadi New York.

Angeweza kuwazuia kwa mwili wake. Mwanamke, peke yake, mbele ya jeneza. Angesukumwa pembeni na kila mtu angesema wamefanya vyema.

"Mnazi, niruhusu."

"Kufanya nini?"

Nyevu akateremsha darubini.

Jeneza likaingia kichochoroni.

*

Kwenye baraza ya muuza kahawa walikuwa wamekaa wanaume kadhaa. Mmoja anang'oa miba ya samaki menoni, mwingine anamsuta mwenzake kwa timu yake iliyofungwa. Jeneza lilipotokea, kikombe kikawekwa chini.

"Nani huyo?" muuza kahawa akauliza.

"Mgeni," akasema mmoja wa wale wanne, bila kumtazama.

"Mgeni! Maskini. Na mmekuwa wanne tu?"

"Tunatosha."

"Mnatosha nini, bwana? Hebu!"

Baraza nzima ikasimama kama mtu mmoja.

Mjukuu wangu, kama hujakaa mji wa Waislamu wa pwani, nikuambie. Jeneza likipita, hakuna anayelitazama tu. Kulibeba ni thawabu. Mtu huacha biashara yake, hutia bega, huenda hatua chache, humpisha wa nyuma naye apate. Jeneza halitembei kwa miguu ya waliolileta. Linaelea juu ya mji.

Mabega yakaingia chini ya mbao. "La ilaha illallah," wakaanza. Kinyozi akatoka na wembe mkononi, akamwacha mteja nusu kichwa. Mteja naye akatoka. Fundi cherehani akatoka. Mlango baada ya mlango, wanaume wakatoka wakijifuta mikono, wakatia bega. Wale wanne wa Krantz wakasukumwa nyuma kwa heshima na mapenzi, "Pumzikeni, ndugu zetu, mmechoka, tuachieni," na kabla hawajajua linalotendeka, jeneza lilikuwa mbali mbele yao.

Krantz akaanza kukimbia. Mzee mmoja akamshika mkono.

"Taratibu, bwana. Maiti hakimbiliwi."

Penye njia panda, kushoto kulikuwa na ufuko. Kulia kulikuwa na msikiti.

Jeneza likakata kulia.

Moyo wa Nyevu ukaruka kwa furaha. Halafu ukaanguka palepale.

Baada ya msikiti ni kaburi.

"Mnazi," akanong'ona, akitembea ukutani, "wanakwenda kuizika."

"Kuzika nini?"

"Mirija! Wataitoa kwa mikono kuilaza mwanandani, ndani ya kaburi. Wakishika tu watajua si mtu. Wataifungua."

"Ingia uwazuie!"

"Mama Jedida, mimi ni mwanamke. Hawa hawafuatwi na mwanamke kwenye maziko. Nikiingia pale, sitakuwa tena mtu anayesikilizwa. Nitakuwa kichaa."

Kidude kikakwaruza.

"Basi tazama," Jedida akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaa chini.

*

Nyevu aliegemea ukuta wa msikiti, nje, upande wa kivuli. Viatu vilijaa mlangoni. Alasiri ilikuwa imeadhiniwa, watu wanaingia. Jeneza lilikuwa ndani, na hakuna alichoweza kufanya.

Mtu akaja akaegemea ukuta uleule, kando yake. Anahema. Kofia imepinda.

"Wanasali muda gani hawa?" akauliza kwa Kiswahili cha hotelini.

"Hawachelewi," Nyevu akasema.

Krantz akageuka. Akamtazama macho, akamtazama viatu. Buti za kazi chini ya buibui.

"Ah," akasema.

Nyevu alihisi chuma kikimgusa ubavuni kupitia kanzu. Wakati huohuo Glock yake ilikuwa imeshamgusa tumboni kupitia buibui. Mpita njia angeona mume na mke wanagombana kwa chini chini.

"Piga basi," Krantz akasema.

"Piga wewe."

Hakuna aliyepiga. Ndani mlikuwa na mji mzima.

"Mimi nimekaa Kikambala muda mrefu," Krantz akasema, kama anayelalamika kwa rafiki. "Niliona kutoka hotelini, juu. Jeneza linapita, polisi anavua kofia. Hakuna mtu anauliza. Hakuna mtu anafungua. Niliona kwa macho yangu!"

"Uliona kutoka ghorofani."

"Ndiyo."

"Hukuona wenye mabega."

Krantz akaisawazisha kofia yake. Jasho lilimtiririka. Kisha akacheka kidogo. "Na wewe utafanya nini sasa, dada?"

"Sijui."

Alisema kweli. Wote wawili walikuwa na bunduki na hakuna aliyekuwa na kitu.

Kipaza sauti cha msikiti kikalia. Sala ya faradhi ilikuwa imekwisha. Sauti ya imamu, Maalim Athmani, ikatoka nje kwa wote waliokuwa njiani.

"Tuna maiti mbele yetu. Tumsalie, Mungu amrehemu. Mwenyewe atuambie, maiti ni mume au mke?"

Akakohoa.

"Nauliza, nipate kujua la kumwombea. Ni mume au mke?"

"Mume," sauti moja ikasema.

"Mke," ikasema nyingine wakati huohuo.

Ndani kukazuka mnong'ono kama nyuki. "Subhanallah! Mnabeba maiti hamumjui?" Nyayo zikasikika. Wale wanne wakachomoka mlango wa nyuma, peku, kanzu zimeshikwa juu ya magoti. Chini ufukoni, Yamaha mbili zikanguruma. Boti haikumngoja mtu.

Krantz aliisikia ikiondoka. Akafumba macho.

Maalim Athmani akatoka mlangoni. Mtu mfupi, miwani imefungwa kwa uzi, uso wa mwenye kazi aliyekatizwa. Nyuma yake, mji.

"Nani mwenyewe maiti huyu?"

Bunduki mbili zikazama ndani ya nguo.

"Mimi," Krantz akawahi. "Ni ndugu yangu. Nipeni, tunaondoka naye."

"Pole sana. Jina lake?"

"Abdallah."

"Abdallah mwana wa nani? Mamake ni nani? Kaburini huitwa kwa jina la mamake."

Krantz akageuka kutazama ufukoni.

"Na mume au mke?" Maalim akauliza tena, taratibu. "Abdallah ni mume, sivyo? Mbona watu wako hawajui?"

Nyevu akapiga hatua mbele. Alikuwa amefundishwa kulia kwa kujifanya. Kuna hila ya kuuma shavu kwa ndani. Hakuihitaji. Alilitazama lile jeneza mlangoni, akamkumbuka Ziro ambaye hakuna bega lililomwingia chini, ambaye mama yao bado humwekea chakula, na machozi yakatoka yenyewe, mengi, ya aibu.

"Ni wangu, Maalim," akasema. "Shikamoo. Naomba msimzike. Naomba msimfunue. Niachieni nimrudishe nyumbani."

"Marahaba. Nyumbani wapi?"

"Malindi."

"Na ni nani?"

Nyevu akatikisa kichwa. "Siwezi kusema hapa mbele za watu."

Maalim akawatazama wote wawili. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu. Hakuonekana kuamini hata mmoja.

"Simsalii nisiyemjua," akasema. "Wala simzuii mtu kwenda kwao. Binti ana gari?"

"Ninalo, Maalim. Kiwanjani."

"Mpandisheni. Polepole, asitikiswe. Na huyu bwana anasema naye ni ndugu." Akamgeukia Krantz. "Mpeni mkono wa pole."

Basi wakampa.

Wa kwanza alikuwa muuza kahawa. Akaunyosha mkono, akangoja. Krantz alitazama kushoto, akatazama kulia. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya kanzu, umeshika bunduki. Angefanya nini? Akautoa mtupu.

"Pole, bwana. Mungu akupe subira."

Akataka kuurudisha. Kinyozi alikuwa ameshaudaka.

"Pole, ndugu yangu."

Kisha fundi. Kisha mteja wa kinyozi, nusu kichwa kimenyolewa. Msururu ulizunguka ukuta wa msikiti. Jeneza lilikuwa linapanda juu, linaelea, linakwenda zake, na Krantz amesimama anapewa pole na mji mzima, mkono baada ya mkono, analitazama likipotea kwenye kona.

Mwisho wa msururu alikuwa kijana mwenye koti la ngozi, vumbi la barabara nyusini.

"Pole sana, bwana Krantz," Joram akasema. "Samahani, Mtwapa palikuwa pabaya."

Mkono huo haukuachia.

*

Viti vya nyuma vya Probox vililazwa. Jeneza likaingia hadi nusu, nusu nyingine ikafungwa kamba na kijana wa duka. Wabebaji wakajifuta mabega, wakaondoka wakizungumza mambo yao. Nyevu aliinua pembe ya sanda kwa kidole kimoja tu.

Lakiri. Nzima. Zote.

"Mnazi, mzigo uko salama."

"Mungu mkubwa." Jedida alishusha pumzi ndefu. "Utapanda ndege nao."

"Halafu?"

"Halafu tunangoja. Watatuuliza maswali, tutajibu, watauliza mengine. Inaweza kuchukua miaka. Wanaweza kukataa."

"Na sisi tutafanya nini?"

"Tutangoja, Nyevu. Hakuna kingine."

Akawasha gari.

Mtu akagonga kioo. Maalim Athmani, amekuja peke yake, viatu mkononi.

"Jeneza la msikiti utalirudisha," akasema. "Hao walilichukua wapi sijui, lakini litahitajika."

"Nitalirudisha, Maalim. Naahidi."

Hakuondoka.

"Watu wangu wameacha kazi zao, wametia mabega. Sitakuuliza yule bwana ni nani, wala wewe. Lakini mimi nilisimama mbele ya kitu kile nikiwa tayari kukiombea. Nilikuuliza, hukunijibu. Mume au mke?"

"Usijibu," Jedida akasema sikioni. "Ondoka sasa hivi. Hilo ni agizo."

Nyevu akakichomoa kile kidude kwa kucha, akakiweka juu ya dashibodi, kikawa kinakwaruza chenyewe kama mende. Akavaa miwani ya jua. Akatia gia, mguu bado kwenye breki.

"Si mume wala si mke, Maalim," akasema. "Ni tope la Sabaki. Lilikwenda mbali sana baharini, na tusipolionyesha, tutaambiwa halikutoka kwetu."